Mahali pa Mwalimu Mkuu

Eudocia Intriago hakuwa mtu wa kusamehe, wala hakujifanya. Kazi yake yenyewe ilikuwa kisasi. Kila Novemba, mbele ya nyumba yake katika mji wa Jipijapa, alianza kupanga masanamu ya magazeti na gundi yaliyojazwa maranda tumboni, na watu wakamletea picha za wabaya wao: diwani aliyekula fedha za maji, shemeji aliyetoroka na pikipiki ya watu, refa wa fainali. Eudocia aliwafinyanga pua, akawapaka rangi, akawavika suruali kuukuu. Mwaka ukiisha, mtaa mzima uliwatoa nje, ukawasomea wosia wa kejeli, ukawatia moto.

"Mimi simchukii mtu," alikuwa akiwaambia wateja. "Mimi nawashonea suruali tu."

Mwaka huu lakini alikuwa na mtu wake mwenyewe, na huyo alimchukia kwelikweli. Ni Fulgencio Alcívar, mwalimu mkuu wa shule aliyosoma binti yake.

Binti huyo aliitwa Ninfa, mwenye miaka kumi. Alizaliwa na mtindio wa ubongo. Mikono haikumtii, ulimi uligoma kutamka, na kichwa chake kililalia bega la kushoto. Siku ya sikukuu ya shule, wageni wa wilaya walipokuja na kamera zao, Eudocia aliwahi kufika kumchukua, akapitisha macho kwenye mstari wa watoto wanaopigwa picha, asimwone. Akamuuliza Casilda, mama mfagiaji. Casilda alitazama chini, kisha akaelekeza kidevu kwenye stoo ya mafagio.

Ninfa alikuwa humo. Kiti chake cha magurudumu kilikuwa kimegeuzwa kikatazama ukuta. Bado alikuwa na utepe wa bendera kifuani, ule ambao mama yake aliupiga pasi asubuhi, na nywele zilikuwa zimemganda usoni kwa jasho.

Mwalimu Mkuu alikuja akitabasamu. "Mama Ninfa, usininunie bwana. Tulimweka kivulini asichoke. Mwenyewe haelewi kitu. Kwake darasa, stoo, kanisa, yote ni mamoja." Akakipigapiga mgongo kile kiti kama mtu anayekagua kochi dukani. "Mimi naendesha shule, mama. Siuzi fanicha, nipange viti mbele ya kamera."

Aliyasema hayo juu ya kichwa cha mtoto. Eudocia alitamani kumrukia amng'oe masharubu. Lakini hapakuwa na shule nyingine mjini yenye njia ya kupitisha kiti cha magurudumu, na aliyekuwa na neno la mwisho juu ya nafasi ya Ninfa ni mtu huyohuyo. Mkono usioweza kuukata, ubusu. Eudocia aliubusu.

Desemba ikaja na mtihani. Haukuwa wa karatasi. Wilaya ilikuwa imeleta mchezo wa kompyuta wa kuwapima watoto wenye ulemavu, wale wasioweza kushika kalamu wala kujibu kwa mdomo. Picha nne zilijipanga kwenye kioo, mraba wa njano ukapita juu yake moja baada ya nyingine, na mraba ukifika kwenye jibu, mtoto anabonyeza kitufe kikubwa kwa mkono, goti au shavu, chochote kinachomtii. Aliyeutengeneza ni msichana kutoka mji wa Portoviejo aitwaye Zoraida, mwenye nywele za rangi ya zambarau na moyo mwema.

Ndani ya mchezo kulikuwa na mwalimu wa kuuliza maswali. Alcívar, kwa kuwa shule yake ndiyo ya kwanza kujaribiwa, aliomba mwalimu huyo awe na sura yake na sauti yake. Zoraida akampa vyote, masharubu yakiwemo, na kofia ya ukili juu. Mtoto akipatia, nyota iliwaka kwenye kona. Akikosea, mwalimu aliteleza, akaanguka matopeni, puu! Kofia ikaruka, masharubu yakachuruzika tope.

"Nimefanya hivyo ili mtoto akikosea asilie," alieleza Zoraida.

Alcívar alicheka. "Mwalimu mzuri hujishusha."

Eudocia aliruhusiwa kukaa nyuma ya chumba, afunge mdomo. Kitufe kilifungwa karibu na shavu la Ninfa.

"Nionyeshe mbuzi," sauti ya Alcívar ilisema kutoka kwenye kompyuta.

Mraba ulipita juu ya mbuzi, ukaenda kwenye ndoo. Ninfa akabonyeza. Puu! Mwalimu chini.

"Nionyeshe kitu cha kukatia mkate."

Ninfa alichagua soksi. Puu! Akacheka mpaka mate yakamtoka. Mama yake aliyaangalia mate yale yakidondoka kwenye gauni, akatamani ardhi impasukie. Swali baada ya swali, Mwalimu Mkuu aliogelea matope, na mtoto alizidi kucheka. Mwisho kioo kikaonyesha matokeo. Sifuri.

Alcívar hakuficha furaha yake. "Mama, hebu tuseme ukweli. Hata kuku ukimwachia hiki kitufe adonoe ovyo, atapatia mawili matatu. Huyu hata kuku hajamfikia. Siku ya tamasha la Krismasi mkaguzi wa wilaya atakuja kutia sahihi, na Januari utabaki naye nyumbani. Nafasi yake atapewa mwenye akili."

Eudocia alirudi nyumbani akisukuma kiti na kulia waziwazi barabarani, na aliyemwuliza "Vipi, Eudocia?" alipata tusi badala ya jibu. Jioni hiyo aliyaweka kando masanamu ya watu wote. Akachukua waya mzito na magazeti mengi, akaanza kumtengeneza Alcívar. Alimpa tumbo, akampa masharubu ya katani, akamvika tai. Hakuwahi kufanya kazi kwa upendo kiasi kile. Alikuwa akimwongelesha huku akimpaka gundi: "Utaungua polepole, baba. Maranda yako nitayalowesha kidogo, uchelewe."

Alipomaliza alimkalisha kwenye benchi akauke. Sanamu lilikuwa bado bichi, shingo nzito. Likayumba, likapinduka, likaanguka kichwa mbele ndani ya beseni la gundi. Puu!

Ninfa akaangua kicheko.

Eudocia aligeuka. Ndicho kicheko kilekile cha kwenye chumba cha mtihani. Kule shuleni alikisikia kwa aibu, akadhani ni cha mtoto asiyejua kinachoendelea. Sasa alikisikia vizuri. Kilikuwa kicheko cha mtu aliyengojea zamu yake muda mrefu, ikafika.

Alisimama na brashi mkononi. Kuku angepatia mawili matatu. Mwanawe hakupatia hata moja. Mtu asiyejua anabahatisha, na anayebahatisha kuna mahali atagonga. Ili uyakwepe majibu yote, bila hata moja kukuponyoka, sharti uyajue yote.

"Ninfa," alisema. Alilitoa sanamu kwenye beseni, akalirudisha kwenye benchi. Juu ya meza akapanga yai, kiatu, mkasi na kijiko. "Nitanyooshea kimoja kimoja. Nikifika penyewe, piga kelele. Ukipatia, namsukuma. Haya. Cha kukatia?"

Yai, kimya. Kiatu, kimya. Mkasi, na Ninfa alipiga ukelele uliowaamsha mbwa wa jirani. Eudocia akamsukuma Mwalimu Mkuu. Cha kuvaa? Ukelele, kusukuma. Cha kupasua na kukaanga? Ukelele. Waliendelea hivyo mpaka pua ya Mwalimu Mkuu ikapondeka kabisa, na mama akakaa chini sakafuni, kichwa chake magotini mwa mwanawe, analia na kucheka. Miezi yote alidhani ameibeba hasira ile peke yake. Kumbe mwenye kudai hasa alikuwa kimya kitini, ameshaanza kulipiza, na mchezo mzuri wa watu ulikuwa umemwekea adui miguuni.

Kesho yake alimfuata Zoraida.

"Binti, mchezo wako ugeuze. Aanguke mtoto akipatia."

Zoraida alimsikiliza habari yote ya kuku, beseni na mkasi, akajipiga paji la uso. "Mungu wangu. Nimefanya kukosea kuwa kutamu kuliko kupatia. Nilichotaka ni wasilie tu, mama."

"Huyu wangu halii. Huyu ana kisasi."

"Mwalimu Mkuu atakubali mtihani urudiwe?"

"Atakubali mwenyewe, tena mbele za watu. Niachie mimi."

Siku ya tamasha ukumbi ulijaa. Baada ya nyimbo na keki ya mahindi, mkaguzi, mwanamke mfupi mwenye miwani, aliketi mezani na makaratasi yake. Eudocia alisimama kabla hajaitwa.

"Mheshimiwa, naomba mwanangu arudie ule mchezo. Mara moja tu. Kama Mwalimu Mkuu haogopi."

Watu waligeuka. Alcívar alifungua mikono kwa ukarimu. "Niogope nini? Arudie hata mara kumi. Mama ana haki ya kujifariji."

"Nimeweka maswali mapya," alisema Zoraida, akiunganisha kompyuta na kitambaa cheupe ukutani ili wote waone. "Na nimebadilisha kitu kimoja. Sasa mwalimu anaanguka mtoto akipatia."

"Basi leo nitasimama wima mpaka jioni!" Alcívar alisema, na watu wakacheka pamoja naye. Hicho ndicho kicheko cha mwisho alichocheka pamoja nao.

"Nionyeshe mnyama anayetaga."

Mraba ulipita, shavu likagonga. Puu! Kofia ikaruka ukuta mzima.

"Nionyeshe kipi kizito kuliko vyote." Puu! "Nionyeshe kinachokuja baada ya usiku." Puu! Watoto walianza kupiga kelele kila alipoanguka, kisha wazazi, kisha hata mpiga kinanda. Ninfa alikuwa amelowa jasho, shingo inamtetemeka, lakini hakuachia hata swali moja. Alcívar wa ukutani hakupata nafasi ya kukauka. Yule wa ukumbini alikuwa amesimama wima kama alivyoahidi, masikio mekundu.

"Amefundishwa!" alifoka. "Mama yake amemkaririsha! Huu ni mchezo wa sarakasi!"

Mkaguzi alimwomba Zoraida afungue ukurasa wa mazoezi, wenye picha za shule zisizo na swali: darasa, ofisi, jiko na stoo. Akasogea karibu na kiti, akaongea na mtoto mwenyewe, si na mama. "Ninfa, mahali pako hapa shuleni ni wapi?"

Mraba ukaanza kwenye darasa. Haukupata nafasi ya kwenda kwingine, Ninfa alikuwa ameshabonyeza.

"Bahati!" alisema Alcívar. "Picha ya kwanza kabisa! Ngojeni nimuulize mimi." Akainama, akakipigapiga mgongo kile kiti kama siku ile. "Haya, mwenye akili. Na mahali pangu mimi ni wapi?"

Mraba ukapita darasa. Ukafika kwenye ofisi, ukaangaza pale, na Alcívar akanyoosha kidole kumsaidia. Ninfa alitulia. Mraba ukapita jiko. Ukafika kwenye stoo, mlango mdogo na fagio lililoegemezwa, na shavu likagonga kitufe kwa nguvu mpaka kiti kikatikisika.

"Mmeona?" Alcívar aliinua mikono juu, amefurahi kweli. "Mmeona wenyewe! Kakosea!"

Baadhi ya watu walicheka. Ninfa hakucheka safari hii. Alikuwa amekikaza kichwa chake kizito mpaka kikainuka begani, anamtazama.

"Hajakosea."

Ilikuwa sauti ya Casilda, kutoka mlangoni. Alikuwa na fagio mkononi na machozi yamemjaa. "Hajakosea, mheshimiwa. Siku ya wageni mtoto huyu alifungiwa stoo. Mimi ndiye niliyemsukuma mle. Mwalimu Mkuu aliniambia nimgeuze na uso ukutani, asije akapiga kelele akiona watu. Nilijiambia haelewi. Mungu anisamehe, nilijiambia haelewi."

Mkaguzi aliivua miwani, akaifuta, akaivaa tena. "Mtoto atabaki darasani," alisema. "Habari zako wewe, mwalimu, nitaziandika leo hii. Kwanza tufungulie hiyo stoo."

Alcívar alipita katikati ya watu, funguo zikigongana mkononi. Mlango ulipofunguliwa joto lilitoka na harufu ya matambara. Hapo Eudocia alisukuma kiti mpaka kizingitini, ili mwanawe aone vizuri.

"Ingia, Mwalimu Mkuu," alisema kwa upole ambao wateja wake wangeuogopa. "Utuambie kama kivuli kinatosha."

Hakuna aliyemtetea. Aliingia, kwa kuwa watu wote walikuwa wanamtazama na hakukuwa na pengine pa kwenda, akasimama kati ya mafagio, kichwa kikigusa paa. Ninfa akacheka.

Siku ya mwisho wa mwaka majirani walikuja kuchukua masanamu, diwani, shemeji na refa, wakataka na Mwalimu Mkuu, yule mwenye pua iliyopondeka. Wosia wake ulikuwa tayari, umeandikwa kwa mashairi machafu ajabu. Eudocia aliinama mbele ya mwanawe.

"Tumchome?"

Ninfa alinyamaza. Mtaa mzima ukangoja.

"Tumweke na mafagio?"

Ukelele ule uliwashtua mbwa tena. Eudocia akalibeba sanamu begani mpaka kwenye kona ya uani yalipokaa mafagio na ndoo, akalikalisha, akaligeuza uso ukutani. Wale wengine wakaungua vizuri, na kufikia asubuhi hakuna aliyewakumbuka. Mwalimu Mkuu bado yupo, na kila siku Ninfa akitoka kwenda shule, mama yake humpitisha kwanza pale.