Mmoja kwa Kila Mtaa

Verdell Pruitt aliijua sentensi ile vizuri kupita kiasi. Kila wakala wa nyumba katika mji wa Brantley alikuwa nayo mdomoni: "Pole sana mama, ile imechukuliwa jana." Mwaka mzima Kamati ya Makazi ya Haki ilikuwa ikimtuma kwenda kuisikiliza.

Kazi yenyewe ilikuwa hivi. Verdell, ambaye ni mweusi, anaingia kwa wakala amevaa nguo zake za kanisani, anaulizia nyumba, anaambiwa imechukuliwa. Anatoka na kukaa kwenye gari. Muda si mrefu anaingia mwenzake Dolores Zemanek, ambaye ni Mzungu, anaulizia nyumba ileile, na Dolores anapewa kahawa, tabasamu na kupelekwa kuitazama. Kwa njia hiyo wawili hao walikuwa wamewaumbua mawakala wengi, na halmashauri ikawatoza faini ya ubaguzi. Kule Cleveland, jiji la jirani alikoishi, kanisani kwao, watu walimtania Verdell kwamba analipwa kwa kutukanwa. Haikuwa kweli, kwa sababu hakulipwa.

Basi asubuhi ile ya Aprili, Bi Winifred Haskell, mwenyekiti wa kamati yenyewe, alimshika mkono ofisini kwake na kumwambia, "Pole sana mpenzi, ile ya Mtaa wa Larkin imechukuliwa jana." Verdell alikodoa macho. Safari hii hakuwa ametumwa na mtu. Alikuwa anaitaka nyumba.

Aliitaka kwa sababu ya dada yake. Odessa alihamia Larkin miaka miwili nyuma, mweusi wa kwanza na wa pekee mtaani, na kamati ikamletea keki ya mdalasini na kupiga naye picha. Baada ya picha ikawa kimya. Rademaker, jirani wa ng'ambo ya barabara, akimwona Odessa anatoka nje hugeuza kiti chake kuelekea ukutani. Mtu alikuwa akimmwagia takataka kwenye maua. Oktoba, ule usiku wa watoto kupita na vinyago wakiomba pipi, Odessa alijaza bakuli akawasha taa ya mlangoni. Watoto walipita upande wa pili wa barabara, wameshikwa mikono na mama zao. Pipi zile alizila mwenyewe hadi Desemba.

"Mdogo wangu, mimi nachoka," alimwambia Verdell. "Ile nyumba ya ubavuni kwangu inauzwa. Usipokuja wewe, nauza na mimi nirudi Cleveland. Siwezi kuzeeka naongea na jokofu."

Kwa hiyo haikuwa nyumba tu. Ilikuwa ama Verdell ahamie Larkin au Odessa ashindwe, na Rademaker ageuze kiti chake kuelekea barabarani kwa raha zake.

"Imechukuliwa na nani?" Verdell aliuliza.

"Familia moja hivi," alisema Bi Haskell. "Lakini nina nyingine, Mtaa wa Colby. Kubwa zaidi, ina bustani, bei ileile. Nyumba safi kabisa kwa ajili yenu."

Brantley ilikuwa imepiga marufuku mabango ya kuuzia nyumba, maana bango moja likisimama, Wazungu wa mtaa mzima hushikwa na kiherehere cha kuhama kwa kuogopa majirani weusi. Tangu hapo, ukiacha wale mawakala, njia pekee ya kununua nyumba ilikuwa kupitia ofisi hii, kwa mama huyu mwenye mkufu wa lulu. Verdell alikuwa amelipigania katazo lile kwa miguu yake mwenyewe, mlango kwa mlango. Sasa alijiona mjinga wa kutupwa.

Alishukuru, akatoka, akaenda kwenye simu ya duka la dawa.

"Dolores, una nafasi?"

"Wakala gani leo?"

"Haskell."

"Shoga, acha utani."

"Nakusubiri kwenye gari."

Dolores alikuja na rola za nywele bado kichwani, akazivua ndani ya gari huku akilaani kwa Kicheki, lugha ya kwao. Wala hakuwa na haja ya kutafuta uongo mpya. Angesema binamu yake, fundi wa reli, anatafuta nyumba Larkin. Alipotoka ofisini uso ulikuwa mwekundu.

"Ipo," alisema. "Kasema binamu aje hata leo. Kaniambia mtaa ule unahitaji watu kama sisi." Alipiga dashibodi kwa kiganja. "Watu kama sisi. Nimekula biskuti yake, Verdell, na sasa nataka kuitapika."

Waliingia pamoja. Bi Haskell aliwaona wamesimama bega kwa bega mlangoni, na hakuhitaji kuelezwa. Yeye ndiye aliyewafundisha.

"Funga mlango, Dolores," alisema. "Haya. Nimesema uongo. Mnataka nipige magoti?"

"Nataka nyumba," alisema Verdell.

"Mmoja wenu kwa kila mtaa. Ndivyo tunavyokwenda, na ndiyo maana mji huu bado umesimama. Wakiwa wawili wanaofuatana, Wazungu wanaanza kuhesabu. Wakiwa watatu wanakimbia. Bango la kwanza litasimama kabla hujafungua maboksi yako."

"Nani aliulizwa kuhusu hiyo kanuni ya mmoja mmoja? Dada yangu aliulizwa?"

"Dada yako anaendelea vizuri."

"Dada yangu anaongea na jokofu."

Bi Haskell aliweka kalamu chini. Ule utamu wote wa sauti uliisha. "Nilitemewa mate kwa ajili yenu, Verdell. Mume wangu alipoteza wateja. Usije hapa kunifundisha haki."

"Kwa ajili yetu," alisema Verdell. "Mtaani kwako, kule ziwani, tuko wangapi?"

"Hakuna nyumba inayouzwa kule."

"Na huyo mmoja wa mtaa wenu, yuko wapi?"

Bi Haskell aliokota kalamu yake. Verdell alimwambia basi, kwa sauti ya chini, kwamba sheria ya faini haikuandikwa kwa mawakala peke yao, na kwamba Alhamisi yeye na Dolores wangesimama mbele ya halmashauri kueleza walichosikia, kama walivyofanya kwa wengine wote.

"Mtawafurahisha maadui zetu," alisema Bi Haskell. "Watawapigia makofi."

"Wapige."

Jumatano jioni simu ililia kwa kina Pruitt. Nyumba ya Larkin ilikuwa imepatikana tena, alisema Bi Haskell kwa ukavu, na akakata.

Walihamia Juni. Odessa alisimama uani tangu asubuhi, akiwaamuru wanaume wa kanisani wapi pa kuweka kabati ambalo halikuwa lake, na Verdell hakuwa amemsikia akiongea kwa wingi namna ile kwa muda mrefu. Maboksi yalikuwa bado kwenye nyasi Rademaker alipotoka na nyundo. Aligongomelea bango lake katikati ya bustani, taratibu, akiwatazama. INAUZWA. Faini ya bango angelipa na hakujali.

Wakati huohuo gari la Bi Haskell likasimama. Alishuka na keki ya mdalasini, maana kamati haikuruka desturi hata kwa mtu iliyemchukia. Akaliona bango. Kitu kama raha kilimpita usoni.

"Nilikuambia," alisema.

"Uliniambia," Verdell alikubali, akapokea keki. "Sasa nisaidie. Mtaa huu unahitaji Wazungu, ulisema mwenyewe. Ile pale inauzwa, vyumba vinne, paa jipya. Inunue wewe."

Bi Haskell alicheka kidogo, akidhani ni mzaha. Verdell hakucheka, wala Odessa, aliyekuwa amekuja kusimama kando ya mdogo wake.

"Tutakuwa majirani," Odessa alisema. "Mimi nitakuletea keki."

Bi Haskell alilitazama bango, akaitazama nyumba ya Rademaker, dirisha kwa dirisha, kama mtu anayetafuta kasoro. Kisha akatazama saa yake.

"Hiyo keki iliwe leo," alisema, "kesho itakuwa ngumu."

Akaingia garini na kurudi kwake ziwani.