Kuponi za Kwenda Kitui

Katunge alikuwa mtu wa kulipa kabla. Hata maji pale Mashimoni, Kibera, alilipia ya wiki nzima Jumatatu asubuhi, kwa sababu mwenye kibanda humwongezea mtungi mmoja wa bure mteja wa namna hiyo. Alipika githeri, mahindi na maharagwe, na kuuza mlangoni, akiwa na Muia mgongoni, mtoto ambaye alikuwa bado hajaota jino, na binti yake Kaluki akiosha sahani baada ya shule. Mume wake alikuwa askari wa geti Mombasa, alituma kitu akikumbuka.

Kwa hivyo Kavoi alipokuja na kuponi, alimpata mtu wake.

Kavoi alikuwa wakala wa mabasi ya Kyeni, na alisali kanisa moja na Katunge huko Kawangware. Ilikuwa Oktoba, kabla ya kura. Ibada ikiisha alisimama mlangoni na kibahasha, anaita kila mama "mwaitu" kama vile anamwita mama yake mzazi.

"Mwaitu, sikiza. Krismasi nauli inapanda, Januari watu wanang'ang'ania kurudi. Lipa sasa, usafiri wakati wowote mpaka mwisho wa Januari. Kuponi moja ina kiti kwa bei ya chini, ina chai na chapati pale hotelini basi likisimama, na gunia lako linapanda juu bure. Ukiingia ndani ya gari hutoi shilingi tena. Unakaa kama mke wa mbunge."

"Na mtoto wa mgongoni?"

"Huyo anakula kiti chako. Ni abiria wa titi."

Watu wakacheka. Katunge akanunua mbili, yake na ya Kaluki. Faida ya githeri ya miezi ile yote iliingia pale, na pesa ya viatu vya shule pia. Angesafiri Krismasi kama wengine, lakini alikuwa amejiandikisha kura Kibera, na alitaka kupiga kura yake. Akasema nitapiga, halafu nipande gari Januari, wakati wengine wanarudi na viti vya kwenda viko wazi. Kwa hesabu yake alikuwa ameokoa mara mbili.

Kura ikapigwa, matokeo yakatangazwa, na mambo yakawa yale ambayo kila mtu anayajua, kabila likageukia kabila. Soko la Toi likaungua. Reli ikang'olewa. Moshi wa kutoa machozi uliingia nyumba za mabati na kukaa humo kama mgeni asiyetaka kuaga, na Muia akaanza kukohoa. Mwanzoni hakuna aliyemgusa Mkamba kama Katunge. Halafu mwanasiasa mmoja wa Ukambani akapewa cheo kikubwa upande ule mwingine, wa serikali, na kesho yake vijana wakapita mlango hadi mlango wakiuliza, "Na hapa wanalala wa nani?"

Jirani yake alikuwa Mildred, Mama Audrey, mke wa Oluoch fundi wa vitanda. Ndiye aliyewajibu kila mara. "Hapa ni kwa mke wa ndugu yangu, endeni." Lakini Mildred mwenyewe alianza kuchoka kusema uongo kwa watoto aliowajua tangu wakiwa bila suruali.

"Mama Kaluki," alimwambia wanaanika nguo, "hawa wakirudi wamelewa, mimi sitaweza. Tena una msichana. Si umeona vile wanamwangalia? Kijana wetu Omolo anapeleka watu hapo Jamhuri, kwa uwanja wa maonyesho. Malori ya makanisa yanabeba watu hadi Machakos, hadi Kitui. Bure kabisa. Ni kutembea tu hapo juu."

"Jamhuri ni kwa wakimbizi."

"Na wewe ni nani? Balozi?"

"Mimi nimelipa, Mama Audrey. Nina kuponi. Nipande lori kama gunia la makaa na kiti changu kiko Kawangware, na chai yake? Na Januari inaisha, zitakufa mkononi."

Mildred alikung'uta nguo mkononi. "Wacha zife," akasema. "Karatasi hazina mama."

Katunge hakusikia. Na hapa ndipo, mama unayesoma haya, uangalie vizuri. Katunge hakuwa mjinga, wala hakuwa mwenye tamaa. Alikuwa tu ameshika kitu alichokwisha kukilipia, na mkono ulioshika kitu hauna nafasi ya kupokea kingine.

Waliondoka asubuhi. Kuponi alizikunja ndani ya nepi ya Muia, maana ziliandikwa Kitui kwa herufi kubwa, na Kitui ni Ukambani. Mildred aliwasindikiza, na njiani alimfundisha Kaluki salamu ya Kijaluo. "Wakisema *idhi nade*, wewe sema *adhi maber*. Usiangalie chini. Sema kama mtu amekukanyaga mguu."

Karibu na majivu ya Toi vijana walikuwa wameweka mawe na kitanda kilichoungua nusu.

"Niaje mathe. Mnaishia wapi na mizigo?"

"Hospitali," Mildred akajibu. "Mtoto ana kifua. Husikii?"

Muia akakohoa kwa wakati wake, Mungu ambariki. Kijana mmoja mwenye panga alimwinamia Kaluki. "*Idhi nade*, msupa?"

"*Adhi maber*," Kaluki akasema, kwa hasira kweli kweli.

"Huyu ana madharau kama mathe wangu," yule kijana akasema, na wenzake wakacheka. "Haya, mwachilie. Lakini mathe, acha unga."

Katunge akaacha pakiti ya unga na mafuta ya kupikia. Mildred aligeuka hapo kurudi nyumbani. Hawakukumbatiana, kwa sababu watu wanaoenda hospitali hawakumbatiani.

Walipanda Barabara ya Ngong, wakapita njia ya kuingia Jamhuri. Watu walikuwa wanaingia na magodoro kichwani. Kaluki alipunguza mwendo.

"Mama, si ni hapa aunty alisema?"

"Tembea."

Dagoretti Corner kulikuwa na mawe barabarani na maduka yamefungwa. Walipofika Riruta Satellite nepi ya Muia ilikuwa imelowa, na kuponi nayo. Katunge alizitandaza kwenye paja lake katika nyumba ya binamu yake Rahab. Nyumba ilikuwa chumba kimoja na watu kumi na mmoja, wote wamekimbia kutoka mahali. Usiku watu walilala kwa zamu. Rahab mwenyewe alikuwa amepata karatasi chini ya mlango ikimwambia ahame kabla ya Jumapili.

"Siwezi kuwaweka, Katunge," Rahab akasema, na alilia akisema. "Hata mimi sijui nitawekwa wapi."

"Hatukai. Kesho tunapanda Kyeni."

Ofisi ya Kyeni pale Kawangware ilikuwa na kufuli mbili. Basi lilikuwa limeegeshwa karibu na kituo cha polisi, injini inanguruma, watu wamelizunguka kama nyuki. Ndilo la mwisho wiki ile, likisindikizwa na lori la askari mpaka litoke nje ya mji. Kavoi alisimama kwenye ngazi, sauti imekauka.

"Bwana Kavoi!" Katunge akapenya kwa bega. "Ni mimi. Kuponi zangu mbili hizi."

Kavoi alizishika kwa ncha za vidole, kwa ule unyevu. "Mwaitu. Hizi ni za bei ile ya zamani."

"Bei gani ya zamani? Januari haijaisha!"

"Haijaisha, lakini dereva anataka mara mbili, mafuta ni mara mbili, na hawa," akaonyesha askari kwa kidevu, "nao wanakula."

"Wewe ulisema nikilipa mapema ndiyo nafuu! Ulisema sitatoa shilingi ndani ya gari!"

"Nilisema. Na sikuwa nadanganya. Nafuu ile ilikuwa ya nchi ile ingine, mwaitu. Hii siijui." Akajipangusa uso. "Nitakufanyia hivi, na usimwambie mtu. Nichukue viti vyote viwili, nitoe chai zenu, nitoe pesa ya gunia, nigeuze yote iwe nauli. Inatosha kiti kimoja. Kimoja."

"Basi nimpakate Kaluki, na Muia juu yake."

"Huyu msichana ni mkubwa kuliko wewe! Askari wamesema mtu kwa kiti, wa kusimama hakuna."

"Nikae kwa sakafu. Kavoi. Nikae pale kwa ngazi, mimi si mzito."

"Mwaitu, watanishusha mimi."

Mama mmoja aliyekuwa dirishani, amekumbatia sufuria zake, akapaza sauti. "Na si ungeenda na malori ya Jamhuri? Dada yangu ameenda jana, hajalipa kitu!"

"Nilikuwa nimelipa huku," Katunge akasema. Akasikia vile neno hilo lilivyotoka mdomoni mwake.

Alisimama pale na injini inanguruma. Akipanda yeye na Muia, Kaluki atabaki Satellite katika chumba cha watu kumi na mmoja, na karatasi chini ya mlango, na wale vijana wanaopita. Alimwangalia binti yake, vile gauni la mwaka jana lilivyoanza kumbana kifuani. Hilo haliwezekani. Akipanda Kaluki peke yake, Muia atabaki anakohoa moshi. Askari akapiga ubavu wa basi kwa rungu.

"Kaluki, geuka."

"Mama?"

"Geuka nimfunge."

Alimfungua Muia mgongoni mwake na kumfunga mgongoni mwa Kaluki. Fundo likakataa, akalirudia kwa meno. Muia alidhani ni mchezo, akashika nywele za dada yake akicheka.

"Mama, lakini ananyonya."

"Najua. Susu wako, mama yangu, atakuwa steji. Mwambie ampe uji mwepesi. Usimpe maji ya watu, hayajachemshwa. Akilia sana mwimbie."

"Wewe utakuja lini?"

"Nakuja nyuma yenu. Panda, mtu asichukue kiti."

Kaluki akapanda. Kwa dirisha Katunge aliona kichwa cha Muia kikigeuka huku na huku. Alikuwa ameanza kuelewa. Mdomo ukafunguka, lakini kioo kilikuwa kimefungwa na sauti haikufika.

Saa za jioni simu ya Rahab ililia. Ilikuwa namba ya kondakta.

"Mama, tumesimama hotelini." Nyuma ya sauti ya Kaluki kulikuwa na vikombe vikigongana, na kilio. "Walio na kuponi wanapewa chai na maziwa. Nimeenda, wameniambia yetu haina chai tena. Muia amelia tangu Athi River. Nimpe nini?"

Ile chai. Katunge aliiona, chai yenyewe, mvuke juu ya kikombe, aliyokwisha kuilipia Oktoba.

"Angalia kama kuna mama ananyonyesha," akasema. "Mwombe. Piga magoti umwombe. Mwambie mama yangu anasema..."

Kredo ya kondakta ikaisha, simu ikakatika. Rahab alijaribu kupiga, yeye pia hakuwa na kredo, na maduka yote ya kadi yalikuwa yamefungwa. Mmoja baada ya mwingine, watu wa kile chumba walimpa Katunge simu zao. Hakuna iliyokuwa na kitu. Maziwa yalikuwa yameanza kulowesha blauzi yake. Alitoka nje nyuma ya choo akayakamua yakaanguka kwenye vumbi, na alifanya hivyo siku ile na siku zilizofuata, akiwa amejikunja kwa maumivu, mpaka maziwa yenyewe yakachoka.

Habari zilikuja kupitia mtu wa kanisa. Wamefika. Muia amelazwa, anaharisha. Halafu kimya. Halafu ametoka.

Katunge hakuweza kurudi Mashimoni, na alipouliza Jamhuri, malori ya Kitui yalikuwa yamekwisha kwenda. Nyumba yake ilikuwa na watu wengine sasa, na sufuria zake walizipikia. Alifua nguo za watu Satellite, akalala kwenye veranda ya kanisa pamoja na Rahab. Wakubwa wa pande zote mbili walipopeana mikono kwenye televisheni, watu walipiga vigelegele barabarani. Yeye alikuwa na mikono ndani ya karai. Mwezi wa Machi alipata nauli, akampa kondakta mkononi, mlangoni pa gari. Kuna wakala mwingine steji aliyemwita, "Mama, lipa na ya kurudi kabisa, upate nafuu." Hakumjibu.

Kama una watoto, acha kitu kidogo mkononi ambacho kinaweza kununua chochote, kwa mtu yeyote, siku yoyote. Nafuu ya mahali pamoja ni nafuu mpaka siku mahali hapo pakifungwa. Usiiache miguu yako ifuate karatasi.

Alifika Kitui kwa mama yake mchana. Kaluki alikuwa uani anapepeta mahindi, Muia mgongoni. Binti alikuwa amekonda na anasimama kama mwanamke mzima. Hakukimbia kuja. Alimaliza ungo kwanza.

"Kuna mama alimnyonyesha?" Katunge akauliza, hata kabla ya salamu. Swali hilo alilibeba siku zote zile. "Ulipata mama, pale hotelini?"

"Nilipiga magoti," Kaluki akasema. "Walikuwa wawili. Mmoja alisema ya kwake hayatoshi. Mwingine alisema hajui sisi ni watu gani. Nikamtafunia chapati iliyobaki kwa sahani ya mtu, na maji ya bomba. Ulisema nisimpe maji ya watu. Lakini alikuwa analia bila machozi, Mama."

Katunge akanyoosha mikono. Muia alikuwa na meno mawili sasa. Alimtazama huyu mwanamke mgeni, akatazama mikono yake, halafu akaficha uso katikati ya mabega ya dada yake na kushika gauni kwa ngumi zote mbili. Katunge akafungua blauzi hivyo hivyo, mbele ya kila mtu, na kuinama. Muia akapiga kelele.

"Usimlazimishe," Kaluki akasema kwa upole, akirudi nyuma hatua. "Ataniogopa na mimi." Akaanza kumtikisa, akizunguka uani, akiimba kwa sauti ya chini. Katunge akabaki amesimama na kifua wazi juani, mpaka mama yake alipokuja kumfunika na leso.