Pikipiki Badala ya Ngamia

Mbuzi walishafika. Ng'ombe walishafika, na hata blanketi la shangazi. Kilichobaki katika mahari ya Akiru ni ngamia mmoja tu, na Ekai hakuwa na ngamia. Alikuwa na pikipiki, ile aliyobebea watu miaka sita katika steji ya Lodwar. Mzee Lomorukai, baba yake Akiru, akakubali kuipokea badala ya ngamia, mradi iletwe kwake Lopur aikague mwenyewe, kama anavyokaguliwa mnyama yeyote wa mahari.

Hapo ndipo Ekai alipoanza ujanja. Waya wa klachi ulikuwa umelegea na kuchakaa, hata ubane mkono wa klachi wote, injini haikuliachia gurudumu vizuri. Na ile taa ya kijani, inayomwambia dereva kwamba pikipiki iko nyutro, yaani haiko kwenye gia yoyote, ilikuwa imekufa. Mtu mwenye haya angeitengeneza. Ekai alichukua waya wa taa akaubana kwenye chuma cha fremu, taa ikawaka. Ikawaka gia ya kwanza, ikawaka gia ya nne. Akaipenda sana.

Aliyeweza kumkamata alikuwa Akiru peke yake, kwani binti huyo alikuwa na miaka miwili akifungua injini katika gereji ya Hersi, Kakuma. Lakini mchumba atamchomea mchumba wake, atoe siri yake kwa baba?

"Ejok," mzee alimsalimu kwa Kiturkana alipofika Lopur. Aliizunguka pikipiki mara tatu. Akapiga kofi kiti, akanusa oili.

"Huyu amewahi kulala barabarani?"

"Mara moja, mzee. Pale Kalobeyei."

"Alikuwa mgonjwa?"

"Hapana. Mimi ndio nilikuwa na usingizi."

Mzee akatikisa kichwa. "Washa. Na usizime mpaka niseme. Mwenye kuzima anaficha kikohozi."

Ekai akawasha, taa ikang'aa. Mzee akalisifu jicho hilo la kijani, na Ekai akamkonyezea Akiru aliyesimama kando ya baba yake. Akiru akasogea taratibu, uso wake mpole kabisa.

"Bana klachi nione," akasema. Ekai akabana. Akiru akakanyaga gia kwa ncha ya ndala, ikaingia kwa kishindo. "Hapo iko nyutro?"

Ekai aliitazama taa. Taa nayo ilimtazama, kijani kibichi. Angesema nini mbele ya baba mkwe?

"Iko," akasema.

"Basi mpe maziwa, baba."

Mzee akaleta bakuli la mti lililojaa hadi ukingoni, la kupokelewa kwa mikono miwili. Mkono wa kushoto wa Ekai ulikuwa umebana klachi, wa kulia umebana breki, na bado pikipiki ilikuwa inajikokota kuelekea zizini. Alichimba visigino mchangani. Jasho likamtoka.

"Unakataa maziwa yangu?" mzee akauliza.

Nani akatae maziwa ya mkwe? Ekai akaachia, akapokea. Pikipiki ikaruka, ikavunja ua wa miiba, ikazima katikati ya mbuzi. Mbuzi wote wakatoka mbio. Ekai alibaki kwenye miiba, maziwa yakimchuruzika masikioni.

Akiru alipiga magoti, akauvuta waya kutoka kwenye fremu. Taa ikazimika.

"Baba, hii jicho ni ya kubandika."

"Akiru! Unanichomea? Si mimi ni mtu wako?"

"Wiki jana ulinibeba. Unafikiri mgongo yangu haisikii gia?" Sauti yake ilikuwa imebadilika, haikuwa na mzaha tena. "Hii pikipiki inaingia hapa, mimi natoka. Unataka watu waseme Akiru aliozwa kwa taa ya uongo?"

Miiba haikumuuma Ekai kama neno hilo. Aliona aibu, aibu ya kweli.

"Irudi Lodwar," mzee akasema. "Na mwenyewe arudi nayo."

"Mzee, nakuomba. Nipe mpaka mbuzi warudi."

Mzee alitazama vumbi la mbuzi, likizidi kwenda mbali, akakubali. Akiru akatoa mfukoni waya mpya wa klachi. Kumbe alikuja nao kutoka Kakuma! Akaketi kivulini, akakataa kugusa hata spana moja, ila maneno hakuyabania. "Usikaze sana. Acha mkono icheze kidogo." Ekai akafunga klachi, akaufuata waya wa taa hadi ulipokatwa na mnyororo, akauunga, akauviringishia tepu.

Mbuzi waliporudi, mzee aliingiza gia na kuitoa mara kumi na moja. Gia, taa inazima. Nyutro, inawaka. Alifurahi waziwazi. Kisha akaleta maziwa tena, na Ekai akanywa kwa mikono miwili, injini ikinguruma, gurudumu limetulia tuli.

"Nimepokea," mzee akasema.

Ekai nusura alie kwa furaha. Aliaga, akapanda, akageuza usukani kuelekea barabarani.

"Kijana! Unaenda wapi na ngamia yangu?"

Ikabidi ateremke, aende kwa miguu. Alikuwa ametembea karibu saa nzima, viatu vimejaa mchanga, aliposikia injini nyuma yake. Akiru akasimama, klachi laini, mguu mmoja chini.

"Baba amesema nikufikishe Kakuma, upate gari ya Lodwar. Panda."

Ekai alipanda. Miaka sita akibeba watu, na hakujua abiria huweka wapi mikono.