Penseli ya Karani wa Mizani

Mwaka 1956 niliacha kazi ya mshahara kwenye mgodi wa almasi kule Songwa kwa sababu ya penseli. Msinicheke bado.

Penseli hiyo nilipewa na Mzee Kamili, mwenyekiti wa ushirika wetu wa pamba pale Tinde, wiki tatu kabla ya uchaguzi. Alinipachika sikioni kwa mkono wake mwenyewe.

"Donatus, ng'wanawane, mwanangu, nikirudi kitini, karani wa mizani ni wewe. Siku ya kura uje nayo hivi hivi. Ila usimwambie mtu."

Sikumwambia mtu, isipokuwa mke wangu Paskalia. Mgodini niliaga kwa maringo.

Siku yenyewe tulipiga kura kama tulivyozoea: wagombea wanasimama uwanjani, kila mwanachama anajipanga nyuma ya mtu wake, bwana shamba anahesabu vichwa. Mzee Kamili alisimama upande wa ghala. Upande wa pili alikuwa Ngassa, aliyepiga kelele mwaka mzima kwamba mizani yetu inapunja wakulima. Huyo hakuwa amempa mtu hata kiberiti.

Nikajipanga nyuma ya Kamili. Mbele yangu alikuwa Thobias, penseli sikioni. Mbele yake Valerian, penseli. Nikageuka: Gregory fundi baiskeli, asiyejua hata kusoma, naye penseli, tena kaichonga pande zote mbili. Nilihesabu kumi na tisa, nikachoka.

"Baba Otmar!" Paskalia, mwanachama mwenye shamba lake, aliniita kutoka mstari wa Ngassa. "Hama! Huoni?"

"Naona. Lakini nikihama, hawa wataipata kazi."

"Na mimi nawaza hivyo hivyo," alisema Thobias bila kugeuka.

Hakuna aliyehama. Kamili alishinda kwa vichwa kumi na tano. Wangehama nusu ya wenye penseli, angeanguka.

Akapanda juu ya magunia, akashukuru, akasema ugomvi umekwisha. Na ili kuleta umoja, karani wa mizani atakuwa Ngassa.

Ngassa akasema, "Ahsante, mwenyekiti." Habari za mizani hakuzitaja tena.

Msimu ulipofunguliwa nilikuwa wa kwanza kupeleka pamba, maana sikuwa na kazi nyingine. Paskalia alikuwa ameupima mzigo dukani asubuhi: ratili sitini. Ngassa aliuweka kwenye mizani, akapapasa mifuko, akakosa cha kuandikia. Aliona haya kunitazama. Mimi niliona haya zaidi, kwa kuwa penseli ilikuwa bado sikioni.

Nikampa. Akaandika hamsini na nne.