Foromali za Linnet

Nilikuwa na kiburi kimoja: nachora ninachokiona. Wenzangu huongeza mwezi na tufani. Mimi sijawahi kuongeza hata kamba. Kiburi hicho ndicho kilichoniponza siku Bi Honor Treadgold alipopanda ngazi zangu hapa Sheerness kuitazama picha yangu ya gati la manowari.

Sanaa haikuwa shida yake. Mumewe alikuwa nahodha wa manowari Linnet, iliyorudi na homa ikatiwa karantini mtoni. Wiki mbili sasa, barua zimezuiwa, na ukiwa ufukoni unaona milingoti tu kwa mbali. Mimi nilikodi mashua Jumanne nikaichora kwa karibu, nikaitia katika picha hiyo. Alitaka kuiona, basi.

"Mawingu yako yamekula picha nzima, Bwana Pellow," akanitania akivua kofia. "Meli zimeachiwa makombo!"

"Makombo ya kweli lakini, mama. Hesabu kamba ukitaka."

Akacheka, akasogea. Kidole chake kikapita manowari moja baada ya nyingine, kikafika Linnet, kikaganda.

"Foromali hizi umezipinda wewe?"

Boriti hizo za kutundikia matanga zilikuwa zimeinama, hii huku, ile kule. Nilizipenda mno hivyo; zikinyooka hufanana na uzio wa kuku.

"Mimi? Ndivyo zilivyokuwa. Meli hiyo tu, nyingine zote zimenyooka."

Kisha akasema polepole, "Mabaharia hawazipindi kwa uzembe. Huzipinda nahodha wao akifa."

Miaka kumi nachora meli, najua jina la kila kamba, na hilo sikuwahi kuuliza.

"Nimetunga!" nikaropoka. "Kwa uzuri tu, mama." Nikanyakua brashi nianze kuzinyoosha. Akanishika mkono.

"Wacha. Umeshasema kweli." Macho yake yalibaki kwenye sitaha, niliyoiacha tupu. "Hakukuwa na watu? Alizikwa peke yake?"

Nilitamani ardhi inimeze. Watu walikuwepo. Niliwaona vizuri kabisa.

"Walikuwa wamesimama pamoja," nikasema. "Wote wamevua kofia."

"Mbona hawapo?"

"Niliwaacha. Walikuwa wanaharibu mstari wa sitaha."

Hakunitukana, na heri angenitukana. Alikaa sakafuni, kofia mapajani, akaendelea kuitazama ile sitaha tupu mpaka nikashindwa kubaki chumbani.