Kijicho cha Marehemu

"Mbona mwanao hana kijicho?" jirani yangu aliniuliza siku moja tukianika nguo, akacheka hadi kibanio kikamdondoka.

Kijicho lilikuwa jina la utani la mume wangu. Alizaliwa na macho madogo kama mbegu za papai, macho ya ukoo. Babake alikuwa nayo, na shangazi yake pia. Nilipobeba mimba nilipiga magoti nikaomba mtoto asirithi. Mungu akanisikia. Mwanangu ana macho makubwa, utadhani kashtuliwa.

Mwaka jana, mume wangu akiwa ameshatangulia mbele ya haki, nilikwenda kliniki kupimwa macho. Nikatiwa dawa ya kupanua mboni, nikakalishwa kwenye benchi la ukutani mlemle chumbani mwa daktari nisubiri. Akaingia mwanamke na binti yake mwenye miwani minene. Daktari akampiga binti picha ya ndani ya jicho, ikatokea kwenye kompyuta: mishipa ya damu imejikunjakunja na kusongamana kama mizizi ya mche uliosahauliwa kwenye kikopo. Nikaijua. Picha ya mume wangu, niliyoonyeshwa alipotibiwa, ilikuwa hiyohiyo.

Mtoto akavua miwani, akainamisha kichwa upande ili anione. Kijicho mtupu!

Wivu ukanishika. Mimi niliyeomba mwanangu asirithi, leo namwonea kijicho mtoto mgonjwa, kwa kuwa sura ya mume wangu imehamia kwake.

"Kuna mwingine kwenye ukoo mwenye macho haya?" daktari akauliza. "Jicho lake ni fupi, na presha ya jicho imepanda. Kabla ya kufikiria kupasua, lazima nijue."

"Babake, daktari. Lakini ameshafariki, na sijui alitibiwaje. Na aliniambia kuwa mkewe alishafariki zamani."

Ala! Mimi nilikufa lini?

Ningeweza kunyamaza, nao wasingejua. Lakini jicho lile nililiuguza kwa mikono yangu.

"Babake alipasuliwa la kushoto," nikasema. "Likajaa maji kwa nyuma, likazima. La kulia wakaliacha kwa dawa ya matone tu, akaona nalo mpaka mwisho."

Daktari akanigeukia. "Umejuaje, mama?"

"Mimi ndiye mkewe. Yule aliyefariki."

Daktari akaandika kwenye faili la mtoto. "Basi tutaanza na matone," daktari akasema polepole.

Yule mwanamke akatazama sakafu, kisha akamsukuma binti yake mgongoni taratibu. "Msalimie mama mkubwa."

"Shikamoo, mama mkubwa."

"Marahaba."

Nikachukua mkoba wangu, nikatoka juani na mboni zangu zilizopanuka.