Dakika Kumi za Marehemu Damiani

Jumatatu, saa mbili na nusu asubuhi, Paskazia alifika kwenye ofisi ya Umoja wa Wakulima wa Mpunga mjini Ifakara, akafuta matope ya viatu kwenye gunia lililotandikwa mlangoni, akawasha laptopu na kuandika paswedi ya katibu. Tovuti ya Umoja ikamjibu kwamba haimjui. Akaandika tena, herufi moja moja. Ikamtaka kwanza aandike namba ya uthibitisho iliyotumwa kwenye simu ya msimamizi.

Ofisini hakuna simu iliyolia. Baada ya dakika ishirini na tano hivi mlango ukagongwa, akaingia marehemu Damiani. Huyu ndiye aliyekuwa katibu kabla yake. Alizikwa miaka sita iliyopita na suti yake ya kijivu, simu ya kitochi ikiwa mfuko wa kifuani, maana mkewe alisema mtu yule hajatengana na simu hata kanisani, sembuse huko. Mabegani alikuwa na udongo mbichi wa masika. Paskazia akamwamkia shikamoo na kumvutia kiti. Damiani akaitikia marahaba, akasema kuna meseji imeingia yenye namba sita na jina la Umoja, akaona ni vema ailete mwenyewe. Paskazia akaiandika. Tovuti ikasema namba imekwisha muda, kwani namba zake huishi dakika kumi tu.

Kosa lilikuwa la Bryson, na Bryson alikuwa mpwa wa mwenyekiti, kwa hiyo halikuwa kosa. Alisoma kompyuta Dar es Salaam miezi mitatu, akarudi Ifakara akiitwa injinia. Jumamosi mwenyekiti, Bwana Fridolin, alimwita aweke programu ya ulinzi, kwa madai kwamba tovuti inawindwa na wadukuzi. Ni mdukuzi gani, wa nchi gani, anayekosa usingizi kwa ajili ya majina ya wakulima wa Mofu na Mchombe, hakusema. Bryson akaikuta programu ina visanduku thelathini vya kuweka tiki. Akavitia tiki vyote, kama mtu anayejipakulia kwenye harusi ya wengine, akafunga ofisi, akaenda kula kitimoto. Programu nayo ikafanya ilivyoambiwa. Ikamfungia nje kila mtu, ikaapa kuitambua laptopu ile moja tu, na namba zake ikazituma kwa aliyeifungua tovuti, yaani Damiani. Tangu azikwe hakuna aliyekumbuka kuibadilisha namba yake. Walichowahi kubadilisha upesi ni kufuli la stoo ya mbolea.

Haya yangekuwa ya kuchekesha kama si orodha. Mashamba ya kando ya mto yalikuwa yamepimwa upya, na orodha ya nani ana kitalu gani ilitolewa siku hiyohiyo ya Jumamosi. Mwenye pingamizi alipewa hadi Ijumaa saa kumi jioni, na pingamizi lilitakiwa liingizwe na katibu kwenye tovuti. Makaratasi hayapokelewi, alitangaza mwenyekiti, kwa sababu Umoja umeingia dunia ya kidijitali. Ikifika saa kumi orodha inafungwa, na jina lililomo ndilo lenye shamba. Balbina, mama yake Paskazia, alikuwa amelima kitalu namba kumi na saba kule Mofu miaka thelathini na moja, kumi na miwili kati ya hiyo akiwa mjane. Kwenye orodha mpya jina lake halikuwamo.

Hakuwa peke yake. Kufikia Jumanne walikuwa arobaini na moja, wamepanga foleni hadi uani, wengine wametoka Malinyi walikohamia kwa watoto wao. Bwana Fridolin akapita katikati yao bila salamu, akawaambia hayo ni makosa ya kompyuta, na kompyuta huambiwa kwa kompyuta. Paskazia akayapiga chapa mapingamizi yote arobaini na moja kwenye faili moja, ili mlango ukifunguka ayatume kwa kubonyeza mara moja. La mama yake aliliweka mwisho, watu wasije wakasema.

Tatizo likabaki mwendo. Kutoka makaburi ya Wakatoliki hadi ofisini ni dakika ishirini na tano kwa miguu ya Damiani, ambayo hata enzi za uhai haikuwa miguu ya haraka. Bodaboda walimkataa. Wala si kwa ajili ya kufa, ni kwa ajili ya udongo. Walisema anachafua siti. Kumkalisha ofisini asubiri namba mpya hakukusaidia, kwa kuwa laini yake ilifungiwa kwa kutosajiliwa kwa alama za vidole, na ikivuka geti la makaburi inapoteza mtandao. Paskazia alimpeleka kwa wakala akaisajili. Wakala akambonyeza vidole vyote kumi kwenye kile kimashine, akasema havina alama, aje siku nyingine.

Jumatano wakamtuma Yusuf, dereva wa bajaji, akae makaburini na simu yake, namba ikiingia kwa Damiani apige ofisini aitaje. Damiani akamkaribisha vizuri lakini akakataa. Meseji yenyewe ilisema, usimpe mtu yeyote namba hii, na yeye katika miaka kumi na tisa ya ukatibu hakuwahi kuvunja maandishi. Angeiandika mwenyewe, kwenye laptopu ya ofisi, basi. Bryson naye alikuwa na dawa yake. Alisema unapitia mlango wa nyuma, kwa kampuni inayoihifadhi tovuti, unaifuta programu, mchezo umekwisha. Mlango wa nyuma nao ukaomba namba, na baada ya dakika ishirini na tano Damiani akagonga hodi. Bryson hakumwamkia. Alimuuliza tu kwa nini amechelewa.

Basi ilikuwa wazi hata kwa mtoto kwamba laptopu iende makaburini. Lakini laptopu ilifungwa mezani kwa mnyororo wa baiskeli, na ufunguo ulikaa mfukoni mwa mwenyekiti. Bwana Fridolin alisema mali ya Umoja haitoki nje bila kibali cha kamati, na kamati ingekaa Ijumaa, saa nane mchana. Ikakaa saa nane na nusu. Ikafunguliwa kwa sala. Ikajadili kama makaburi yako ndani au nje ya eneo la kazi la Umoja, kisha kama marehemu ni mwanachama hai, kisha ikanywa soda. Mjumbe mmoja aliyethubutu kutaja saa akaambiwa aheshimu kiti. Paskazia alisimama dirishani akiitazama saa ya ukutani, na moyoni alimchukia Fridolin kwa chuki safi, isiyo na hata chembe ya huruma ndani yake. Watu wa foleni walikuwa uani wamejikunyata chini ya turubai. Mwenyekiti akawaonyesha kwa kidevu.

"Wakati tunapanga mambo haya walikuwa wapi? Asiyekuwepo na lake halipo," alisema.

Kibali kikagongwa muhuri saa tisa na dakika thelathini na tano. Yusuf akawapeleka Paskazia na laptopu kwa bajaji, akikwepa madimbwi. Mwenyekiti na Bryson wakafuata kwa gari, kwa kuwa mali ya Umoja lazima isindikizwe. Ilikuwa mara ya kwanza kwa Bwana Fridolin kufika lilipo kaburi la Damiani; siku ya mazishi alikuwa Dodoma kwenye semina ya utawala bora, na alituma meseji ya pole iliyoandikwa kwa wote.

Damiani alikuwa ameketi kwenye kaburi lake, amelifuta kwa kitambaa ili mgeni apate pa kuweka kompyuta. Paskazia akaandika paswedi. Simu ya kitochi ikalia mfukoni. Damiani akavaa miwani, akaandika namba sita kwa vidole viwili, na tovuti ikafunguka. Ilikuwa saa tisa na dakika hamsini na tatu.

Kitu cha kwanza kutokea kilikuwa ripoti. Programu ile, kwa kuwa Bryson aliweka tiki kila mahali, ilikuwa imeipekua tovuti nzima siku sita bila kuombwa, na kama mgambo mgeni haikujua nani hasemwi. Majina arobaini na moja, iliandika, yamebadilishwa Alhamisi ya wiki iliyopita saa saba mchana. Aliyebadilisha ni mwenyekiti, kwa paswedi ya mwenyekiti. Chini yake yakafuata majina, la zamani na jipya. Kitalu namba kumi na saba kilitoka kwa Balbina kwenda kwa Bryson.

Wote wanne waliisoma, pamoja na Yusuf watano. Bwana Fridolin aliisoma hadi mwisho, akasema kumbe programu inafanya kazi vizuri. Damiani alivua miwani akaifuta.

"Mwanangu, orodha niliyoiacha mimi haikuwa hivi," alimwambia Paskazia. "Tuma."

Paskazia akabonyeza kutuma. Tovuti ikasema imemshuku kuwa ni roboti kwa kuleta mambo mengi kwa mara moja, ikamletea picha tisa ndogo. Chagua picha zote zenye hidranti, ilisema. Paskazia hakuwahi kulisikia neno hilo. Katika picha kulikuwa na sanduku la posta, na baiskeli, na kichuma fulani kifupi chekundu chenye kofia, na mambo mengine ya barabara za ng'ambo. Alichagua sanduku la posta. Tovuti ikakataa, ikaleta picha nyingine tisa, na ikamwonya kwamba amebakiwa na nafasi mbili. Alichagua nguzo. Ikakataa. Damiani akageuka, akamtazama Bryson.

"Wewe umekaa mjini. Hidranti ndiyo ipi hapa?"

Bryson aliinama kuangalia skrini. Kile kichuma chekundu ndicho. Zimamoto huchomeka mpira wao hapo. Kwenye kona ya karibu na chuo chake kulikuwa na kimoja, rangi ileile, na kwa miezi mitatu alikuwa akikikalia kila jioni akila mihogo ya kukaanga.

"Hata mimi sijui, mzee," alisema, akaanza kuangalia viatu vyake.

Paskazia alichagua taa. Tovuti ikamfungia nje kwa saa ishirini na nne, kwa usalama wake. Simu ya Damiani ikaonyesha saa kumi kamili. Bwana Fridolin alimshukuru marehemu kwa moyo wa kujitolea, akaulizia kama pale kuna maji ya kunawia mikono, akaingia garini.

Kikao cha mwezi uliofuata kilipitisha mambo mawili. La kwanza, orodha ni halali, na kwa kuwa inalindwa na programu ya kisasa hakuna mtu awezaye kuigusa. La pili, marehemu Damiani athibitishwe kuwa mpokeaji wa namba wa Umoja. Sasa kila asubuhi laptopu hupelekwa makaburini kwa bajaji, na Yusuf hutandika gunia kwenye siti ili Damiani apate lifti ya kwenda mjini kuamkia watu. Ripoti bado imo mle ndani. Damiani huisoma kila siku kabla ya kuvua miwani.

Jumapili moja Balbina alimuuliza binti yake hidranti ni kitu gani. Paskazia akamweleza. Balbina akauliza kama Mofu kipo, akaambiwa hakipo, wala Ifakara. Mwezi wa sita mpunga wa kitalu namba kumi na saba, ule alioupanda mwenyewe Desemba, ukawa umeiva, na Bryson akatuma meseji kwamba anatafuta vibarua wa kuvuna, kila mtu aje na mundu wake. Balbina alikuwa nao. Alifika wa kwanza, akaanzia upande wa mtoni, kwa sababu ndiko mpunga unakokauka mapema.